Asumini Mbele ya Lenzi

Lenzi ya makro humlazimisha mpigapicha kuchagua. Ikifikia kipimo ambapo ua la sentimita mbili linachukua sentimita mbili zile zile kwenye sensa ya kamera, sehemu inayoonekana bayana hubaki nyembamba mno, milimita moja au mbili tu. Ukizipata chembe za chavua, petali ya mbele imeshageuka ukungu. Ukibana tundu la lenzi, ubayana unaongezeka lakini mwanga unapungua, muda wa kupiga unarefuka, na upepo usiotikisa hata kanga kwenye kamba unatosha kuiharibu picha. Kwa hiyo kila anayeliinamia ua na lenzi hii hana budi kuamua ni kitu gani cha ua kibaki na kipi kiachwe. Hapo ndipo mapokeo yanapoachana.

Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyezaliwa 1865, alilijibu swali hilo kwa kuling'oa ua bustanini. Ujanani alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha kusubu chuma, na baadaye akafundisha kwa miaka mingi katika shule ya sanaa na ufundi ya Berlin. Picha zake hazikuwa za maonyesho. Zilikuwa vifaa vya darasani, ili wanafunzi wa uchongaji waone jinsi bua linavyopanda, chipukizi la kangaga linavyojikunja, na kikonyo cha mboga kinavyoning'inia. Kamera alijiundia mwenyewe, na aliweza kukuza kitu hata mara thelathini. Nyuma ya mmea aliweka karatasi ya kijivu au nyeupe, na matawi yaliyomkera aliyakata. Kitabu chake cha 1928, *Urformen der Kunst*, kilimpa umaarufu akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Ukikifungua unaona fimbo za maaskofu, nguzo za makanisa na nondo zilizosokotwa, zote zikiwa magugu ya kandokando ya njia. Ni kazi ya kushangaza, ila utadhani aliyezipiga picha hizo hakuwa na pua.

Mmarekani Imogen Cunningham alibaki bustanini, na hakuwa na njia nyingine. Miaka ya 1920 alikuwa nyumbani California na watoto watatu wadogo, wawili kati yao mapacha, akapiga kile kilichoota karibu naye. Alikuwa amesomea kemia chuo kikuu, kwa hiyo ufundi wa chumba cha giza haukumtisha. Picha yake ya magnolia ya mwaka 1925 hivi haina bustani wala tawi. Petali zimejaza karatasi mpaka pembeni, na katikati stameni zimeusonga moyo wa ua. Blossfeldt analitazama ua kwa ubavuni, kama fundi anayepima kifaa. Cunningham anachungulia ndani. Mwaka 1932 alikuwa miongoni mwa wapigapicha waliounda kundi la f/64, lililojiita kwa jina la tundu dogo kabisa la lenzi za kamera zao kubwa. Walitaka kila kitu kionekane bayana. Mimi nampenda zaidi Cunningham, maana ua lake bado liko hai na kesho litanyauka. La Blossfeldt limeshakuwa chuma.

Pwani yetu hailiulizi ua swali hilo kabisa. Mwanamke wa Lamu au wa Mji wa Kale Mombasa hawi na haja ya asumini moja. Anataka koja, anataka kikuba chenye asumini, rehani na mkadi, kibanwe nyweleni au kifuani, na yanayobaki yamwagwe kitandani. Asumini huchumwa ikiwa tumba, kabla haijachanua, kisha inafunguka jioni ikiwa imeshatungwa kwenye uzi. Ua hapa huhesabiwa kwa wingi na hupimwa kwa pua. Tena saa yake ni jioni, mwanga unapomtoroka mpigapicha, na rangi yake ni nyeupe, ambayo lenzi ikikosea kidogo hugeuka doa tupu lisilo na mikunjo wala kina.

Si kwamba Mswahili hakujali umbo. Tazama milango ya Zanzibar: mayungiyungi na maua ya duara yanarudiwarudiwa juu ya vizingiti na kwenye miimo. Mchongaji yule angeelewana na Blossfeldt bila mkalimani, kwa kuwa wote wawili wamelivua ua harufu na kubakiza mstari. Lakini mlango ni wa wapita njia na kikuba ni cha wa ndani, na sidhani kuna aliyewahi kuvichanganya.

Ndiyo maana picha nyingi za makro za asumini zinanichosha. Ua moja, tone la maji lililonyunyizwa, nyuma giza: hiyo ni magnolia ya California iliyobadilishwa jina. Ningependelea lenzi ile ile iuelekee uzi unapopenya kikonyo, na tumba lililochumwa mapema mno likibaki limefumba katikati ya wenzake. Mkono wa mtungaji ukiingia kwenye fremu, uachwe.

Mlangilangi una nafasi bora zaidi. Ua lake huanza kijani na kugeuka njano taratibu, petali ndefu zikijipinda, na wachumaji wa Komoro wanaouza maua kwa ajili ya mafuta hawaangalii njano peke yake. Hufunua petali kutafuta alama nyekundu ndogo kwenye kitako chake, inayoonyesha kwamba harufu imekomaa. Huchumwa asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda. Saa hiyo huwa haina upepo mwingi, na alama yenyewe ni ya milimita chache, kwa hiyo inaenea ndani ya ule wembamba ambao lenzi ya makro inaweza kuuonyesha bayana.