Majani ya Bagamoyo, Chupa za Muhimbili

Padri Charles Sacleux alifika pwani yetu mwaka 1879. Kwa karibu miaka ishirini, kati ya Unguja na misheni ya Bagamoyo, alijishughulisha na mambo mawili nje ya ibada: maneno na mimea. Maneno yakazaa kamusi nene ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa Paris kuanzia mwaka 1939, mwenyewe akiwa mzee. Mimea aliikausha, akaibana kwenye karatasi na kuisafirisha hadi makumbusho ya Paris, na jenasi moja, Sacleuxia, ingali inabeba jina lake. Ukitafuta jina la mti katika kamusi ile, mara nyingi utakuta na la Kilatini limewekwa kando yake. Waliokuja baadaye kupima mitishamba walikuta sehemu ngumu ya kazi imekwisha kuanzwa, maana dawa haipimiki kabla haijajulikana ni mti gani. Jina moja laweza kushikwa na miti miwili, na mti mmoja ukaitwa hivi na Wakwere, vile na Wadoe, na vingine kabisa ukishavuka mto Wami kwenda kwa Wazigua.

Karatasi ya padri, hata hivyo, ilikuwa na mipaka yake. Mwenyeji wa Dunda, karibu na Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, ndiye aliyetuachia picha pana zaidi. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, magonjwa na tiba vimesimuliwa ndani ya maisha ya watu, pamoja na ngoma, ndoa na vilio. Msomaji wa kitabu hicho hawezi kudhani kwamba dawa ya pwani ilikuwa jani peke yake. Kulikuwa na anayechimba, saa ya kuchimba, mizizi inayoambatana na namna ya kuichemsha.

Wajerumani walileta maabara. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inahesabu chimbuko lake tangu 1895, Dar es Salaam, na mwaka 1902 ikafunguliwa taasisi ya Amani kule Usambara. Shauku yao ilikuwa kwenye mazao na kwenye malaria. Amani walipanda mti wa kwinini, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia za meli, magome yake yakatengenezwa dawa ya askari. Kwa hiyo ujuzi wa kugeuza gome kuwa dawa iliyopimwa ulikuwapo nchini zamani sana. Ila mganga wa Kizaramo hakuulizwa. Waingereza walipokuja hawakuwa bora katika hili: Sheria ya Uchawi ya 1928 ilimweka mwenye mizizi karibu mno na mwenye hirizi, na kivuli hicho hakijaondoka chote.

Ajabu ni kwamba njia ya kufika Muhimbili, ambako mitishamba ilikuja kupimwa, ilianzia Bagamoyo. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi aliyejenga utajiri wake kwa biashara ya misafara ya Bagamoyo, alitoa fedha za hospitali iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1897. Hospitali hiyo ndiyo mzazi wa hospitali ya Muhimbili ya leo, na jina la Sewahaji bado linatajwa huko na wagonjwa wasiomjua. Muhimbili ndiko kilikoanzishwa Kitengo cha Utafiti wa Tiba Asilia mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya kutembea. E. N. Mshiu wa kitengo hicho, Keto Mshigeni na P. J. Madati walishirikiana na Waswidi, akina Inga na Olov Hedberg, kuorodhesha mimea ya tiba nchini, na orodha zikaanza kuchapishwa mwaka 1982. Kuanzia 1987 Mshiu na wenzake Chhabra na Mahunnah wakatoa mfululizo mwingine, huo ukihusu mashariki mwa Tanzania peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa na mkemia Mayunga Nkunya na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi. Hawa walichambua mimea ya jenasi ya Uvaria, ambayo misitu ya pwani inayo kwa wingi, wakapata ndani yake kemikali zinazoua vimelea vya malaria. Ndago, magugu yanayomchosha kila mkulima, nayo ilionesha nguvu dhidi ya vimelea hivyo. Mwaka 1994 wawili hao na wenzao wa Uswisi walichapisha matokeo ya mimea 43 iliyotumika kwa homa na malaria. Mjafari ulikuwa miongoni mwa iliyofanya vizuri.

Inafaa kuona kazi yenyewe inavyokwenda. Mzizi hukaushwa kivulini, husagwa, huloweshwa kwenye spiriti, huchujwa, kisha spiriti huvukizwa hadi kibaki kitu cheusi kinachonata. Hicho ndicho kinachopimwa. Ukitikisa kidogo na maji na povu likakaa, kuna saponini. Ukidondoshea kloridi ya chuma na rangi ikageuka bluu nyeusi au kijani, kuna tanini. Halafu huja kipimo cha sumu ambacho Muhimbili wamekitumia sana kwa sababu ni rahisi na hakihitaji panya: uduvi wa maji ya chumvi, Artemia. (Si ule wa kwenye mchuzi, huu ni mdogo zaidi.) Mayai huanguliwa kwenye maji ya chumvi, vitoto hufuata mwanga wa taa, na kumi kumi huwekwa katika vichupa vyenye dawa ya viwango tofauti. Baada ya saa 24 mtu huinama na kuhesabu vilivyo hai. Kiwango kinachoua nusu yao hulinganishwa na kile cha saiklofosfamidi, dawa ya saratani.

Ni kipimo kizuri, lakini tazama kilichopimwa. Mganga wa Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, hatumii spiriti. Huchemsha kwa maji, pengine mizizi mitatu pamoja, na mgonjwa hunywa kikombe asubuhi na jioni. Spiriti huvuta vitu ambavyo maji hayavuti, na moto huharibu vingine. Uchina wanalijua hilo: Tu Youyou alifanikiwa kupata artemisinini miaka ya 1970 baada ya kusoma katika maandishi ya kale kwamba jani liloweshwe na kukamuliwa, akaacha kutumia joto kali. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa mseto tunazomeza kwa malaria zimetokana nayo. Alimsikiliza mtengenezaji wa dawa, hata kama alikuwa amekufa zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Sisi watengenezaji wetu wako hai, na bado tumewauliza zaidi jina la mti kuliko namna ya kuupika.

Waliofanya vingine walikuwa Tanga na Pangani. Mapema miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unaua bila dawa, madaktari wa huko walikaa na waganga, wakapeana wagonjwa na kufuatilia nani anapata nafuu ya harara, kuharisha na kukosa hamu ya kula. Kwa maoni yangu huo ndio utafiti wa mitishamba ulio karibu zaidi na ukweli uliofanyika kwenye pwani hii.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ilileta Baraza na usajili wa waganga na dawa. Lakini umma hausubiri sheria: mwaka 2011 maelfu walipanda magari kwenda kunywa kikombe cha Loliondo, na wakati wa korona nchi nzima ilipiga nyungu. Mara zote mbili maabara iliitwa watu wakiwa wamekwisha kunywa au kujifukiza.

Uwezo wa kupima mapema upo, tena hapa hapa. Bagamoyo, kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, ilikuwa kimojawapo cha vituo 11 vya nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza mwaka 2009. Wauguzi waliozoea kufuatilia wagonjwa kijiji kwa kijiji wapo, kumbukumbu zipo, na wazazi wanajua maana ya kukubali kushiriki. Baraza, Muhimbili na wafadhili waielekeze nguvu hiyo kwenye dawa kama zinavyochemshwa Kiwangwa na Mlingotini, kwa kipimo cha kikombe kinachonywewa huko. Na matokeo, yawe mazuri au mabaya, yaandikwe kwa Kiswahili na wapewe kwanza waganga waliochimba mizizi.