Safu ya Lugha: Beringi

Neno beringi, ambalo mafundi wetu wamelizoea hata hawalitafutii badali, huwafanya wengi wadhani kuwa kila beringi ina gololi ndani yake. Ilhali zile za krenki, katika injini ya trekta kongwe kama Massey Ferguson 35, ni vipande vyembamba vya nusu duara, viwili viwili, vilivyopakwa madini laini ili vilike vyenyewe na chuma cha krenki kisalimike. Zikichakaa, presha ya oili hushuka na injini hugonga. Hapo haijuzu kutia mpya kwa pupa: krenki ipimwe kwa maikromita, na ikiwa imepoteza mviringo wake isagwe, kisha zitafutwe beringi zinazolingana na upungufu huo, wa inchi 0.010 au 0.020. Enyi mafundi, msimnunulishe mkulima beringi kabla ya kupima.