Kipimo cha Ishara za Neva Katika Kubaini Maltipo Sklerosisi
Mkazi wa Nkuhungu, jijini Dodoma, anayefifia uoni wa jicho moja kwa siku kadhaa, huku jicho likiuma linapozungushwa, asiridhike kwa sababu tu uoni umerejea. Yaweza kuwa dalili ya awali ya maltipo sklerosisi, maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia ala ya mafuta inayofunika neva za ubongo, macho na uti wa mgongo. Ni nadra zaidi karibu na Ikweta, hivyo ni rahisi kusahauliwa.

Katika kipimo hiki mgonjwa hutazama, kwa jicho moja moja, skrini yenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana nafasi. Elektrodi zilizobandikwa kisogoni hunasa mwitikio wa ubongo, hakuna sindano. Kwa kawaida mwitikio huonekana baada ya takribani milisekunde 100. Ala ikiharibika, huchelewa. Mwaka 1972 watafiti Halliday, McDonald na Mushin wa London walionesha kuwa ucheleweshaji huo huweza kubaki hata uoni ukirejea.

Hata hivyo, kuchelewa pekee hakutaji ugonjwa. Kaswende, upungufu wa vitamini B12 na ethambutoli, dawa ya kifua kikuu (isiachwe bila ushauri wa daktari), navyo huweza kudhuru neva ya jicho. Ndiyo maana daktari huhitaji pia picha ya MRI na, inapobidi, maji ya uti wa mgongo.

Majibu ya kwanza yatunzwe. Ndiyo yatakayolinganishwa na ya baadaye wakati wa kufuatilia ugonjwa. Mgonjwa aanzie zahanati ya karibu, aeleze historia ya jicho lake na kuomba rufaa, ikiwemo ya Hospitali ya Benjamin Mkapa.