Gari la Mkononi

Dalali alipiga simu saa moja na nusu asubuhi, chai yangu bado ina mvuke. "Mkuu, ile IST yako bado ipo?" Ipo, nikamjibu. "Usiitoe kwa bei ile. Gari saa hizi zimechangamka."

Habari ilikuwa njema, ila mimi niliganda kwenye kitenzi. Mtoto aliyetoka kwenye homa huchangamka. Baraza likipata mgeni mwenye maneno huchangamka. Gari langu, lililotengenezwa mwaka 2005 na kusajiliwa Dar es Salaam mwaka 2017, lilikuwa limelala chini ya mwembe, kinyesi cha kunguru kwenye boneti. Uchangamfu wake sikuuona. Kilichochangamka ni bei, na watu wa mjini wana namna nyingine ya kulisema jambo hilohilo: bei imesimama. Imesimama na imechangamka, na msikilizaji anaelewa barabara kwamba aongeze laki tano.

(Mwalimu wangu wa darasa la sita angemrudisha dalali nyuma kwa lile "zimechangamka": gari hili, magari haya. Lakini sokoni ngeli ya LI-YA haina mnunuzi. Ukiandika "gari hili linauzwa" kwenye kioo cha nyuma, wapita njia watadhani unauza kwa amri ya mahakama.)

Nilidhani nauza gari. Siku tatu zilitosha kunionyesha kwamba nauza "gari la mkononi", na hicho ni kitu kingine. Gari lililoshuka bandarini juzi kutoka Japani, hata kama lina miaka kumi na mitano na limetembea kilomita laki moja, kwa Dar es Salaam ni jipya. Halina namba, halijakanyaga mashimo yetu, karatasi yake ya mnadani bado imo kwenye kava. Lile jipya kwelikweli, ambalo kiti chake hakijakaliwa na mtu, lina jina lake la pembeni: ziro kilomita. La mkononi ni lililokwisha kupita kwa mtu wa hapa. Akilichosha Mjapani, halijachoka. Tukilichosha sisi, limechoka. Nimejaribu kukasirika kwa niaba ya taifa, nikashindwa, kwa sababu barabara ya kwetu naijua.

Mkono huo una historia unayoweza kuisoma kwa mbali. Kibao cha namba kinaanza na T, kinafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na ya kwanza kati ya herufi hizo ndiyo inayosema gari liliingia kitabuni lini. "Ni namba gani?" anauliza mnunuzi, wala hataki kujua namba. Anataka herufi. Namba C, namba D, namba E. Nairobi nao husoma hivyo hivyo, KCA mpaka KDA na kuendelea. Umri wa kiwandani haumshughulishi mtu. Gari la 2005 lililosajiliwa jana ni kijana kuliko la 2010 lenye herufi ya kale.

Zamani kidogo, neno letu la kitu kilichotumika lilikuwa mtumba, na mpaka leo magazeti huandika "magari ya mitumba". Mtumba ulikuwa robota la nguo au bidhaa lililofungwa kwa kipimo cha mpagazi mmoja wa msafara, yaani uzito ambao bega la mtu lingeweza kuufikisha kutoka pwani hadi bara. Halikuwa na maana ya ukuukuu hata kidogo. Kitambaa kipya nacho kilifungwa mtumba. Baadaye robota likaja limejaa nguo zilizovaliwa, jina la kifurushi likazishika zilizokuwemo. Nguo hizo ziliitwa pia kafa Ulaya, na hapo ndipo ninapowavulia kofia wazee wetu: walitazama koti zima, lenye vifungo vyote, wakajiuliza kwa nini mwenyewe aliliacha. Gari halikupata kuitwa kafa Japani. Labda kwa sababu tunajua mwenyewe yu hai na amelitoa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni ukaguzi wa serikali. Huko Japani gari jipya la kawaida la mtu binafsi hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wengi ukikaribia wanaona heri wabadilishe. Magari yanakwenda mnadani, mengine yanapanda meli kuja kwetu. Na wao wana neno lao, chukosha: chu ni kati, ko ni kongwe, sha ni gari. Gari la uzee wa katikati. Halina aibu ndani yake wala halijisifu. Sisi katikati hiyo hatuna. Tuna -a zamani, ambayo ni ya heshima. -Bovu, ambayo ni hukumu. -Chakavu, ya mkaguzi wa mali. Na -kuukuu, ambayo kwa sikio langu ni ukuu uliotajwa mara mbili ukageuka tambara. Kwa gari tuna pia mkweche, neno linalotoa mlio wa lenyewe likipanda mlima.

Mwaka 2021 mnyororo huo wa mnada na meli ulikatika mahali ambapo hakuna mnunuzi wa Dar es Salaam aliyewahi kupafikiria. Viwanda vya magari vilikosa chipu, hivyo vijisilikoni vinavyoendesha kila kitu kuanzia injini hadi kioo cha dirisha. Korona ilikuwa imevuruga oda, na mwezi Machi kiwanda cha Renesas kule Naka, Japani, kikashika moto. Gari jipya likiadimika, mwenye gari kuukuu haliachii. Marekani ndiko ajabu ilikopimwa vizuri: hadi Juni 2021 magari yaliyotumika yalikuwa yamepanda bei kwa asilimia 45.2 ndani ya miezi kumi na miwili. Watu waliuza magari yao kwa zaidi ya walivyoyanunua, jambo ambalo kila kitabu cha uhasibu kinasema haliwezekani. Kwetu wimbi lilifika kwa meli. Mjapani asipouza, mnada unakauka. Mnada ukikauka, la bandarini linapanda. La bandarini likipanda, la mkononi linaegemea hapo hapo na kupanda nalo, bila kubadilishwa hata plagi.

Neno la kiuhasibu la kupungua thamani kwa kitu kadiri kinavyotumika ni uchakavu. Ni tarakimu ya kutoa. Lakini angalia linavyofanya kazi bandarini. Tanzania inaruhusu gari kongwe kuingia, ila inalitoza kwa umri: likizidi miaka minane ushuru wa ziada wa asilimia 15, likizidi kumi asilimia 30, na tozo hiyo watu huiita ya uchakavu. Hapo tarakimu ya kutoa imekuwa ya kujumlisha. Gari linavyozidi kuchakaa ndivyo linavyozidi kugharimu kuliingiza, na la mkononi, ambalo lilishalipiwa uchakavu wake zamani, linapata cheo. Kenya wao hawana habari na tozo hiyo kwa sababu mlango wenyewe wameufunga: zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, haliingii. Kisha Julai 2023 ushuru wa forodha kwa yanayoruhusiwa ukapanda huko kutoka asilimia 25 hadi 35. IST kama yangu Nairobi haiwezi tena kuwa mpya kwa maana ya kwetu. Inaweza kuwa ya mkononi tu.

Sasa nifike kwenye neno lililonikosesha usingizi, nalo ni dogo: bei. Tumelipata kwa Waarabu, ila kwao bay' si bei. Ni tendo la kuuza. Wanachokiita thaman ndiyo bei, hasa, kiasi kinachotoka mfukoni. Nasi tukaichukua thaman tukaifanya thamani, ubora uliomo ndani ya kitu hata kama hakuna anayekinunua. Na hiyo thamani wao wanaiita qima, ambayo kwetu ikawa kima, kiwango kilichopangwa, kama kima cha chini cha mshahara. Maneno matatu yalipanda jahazi moja, na yalipofika pwani yetu kila moja likakalia kiti cha mwenzake. Simlaumu mtu. Nauliza tu kama ndiyo maana mtu wa kwetu akiulizwa bei ya gari lake hujibu kwa masimulizi: nilivyolipata, nilivyolitunza, safari ya Tanga, mtoto aliyezaliwa njiani. Ndani ya bei bado tunasikia tendo, watu wawili na siku yao.

Na thamani nayo ina hila yake. Nilinunua gari langu kwa milioni 10 na laki mbili. Nililiuza katikati ya 2024 kwa milioni 10 na laki nane. Miaka saba ya foleni ya Ubungo, na nimepata laki sita juu! Jirani yangu alinipongeza, halafu akaniita mlanguzi, kwa utani, ila neno hilo kwa mtu wa rika letu halina utani mwingi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, walanguzi walisakwa nyumba kwa nyumba, na walioficha sabuni na mchele walijuta. Kulangua ni kununua kwa bei ya chini ili uwauzie wenye shida kwa bei ya kuruka. Mimi sikununua ili niuze. Nilinunua ili niende kazini.

Ndipo nilipochukua kalamu. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,240. Nilipouza ilikuwa imevuka 2,600. Nililinunua kwa zaidi ya dola 4,500 nikaliuza kwa dola 4,100 hivi. Gari lilikuwa limeshuka kama vitabu vinavyotaka. Dalali anasema gari limepanda bei; benki inasema shilingi imeshuka thamani; wote wawili wanasimulia asubuhi ileile. Kilichochakaa sana katika miaka ile saba kilikuwa kwenye pochi.

Turudi kwa dalali, maana bila yeye hakuna lugha ya soko hili. Jina lake limetoka kwenye shina moja na dalili: wote wawili wanaonyesha kitu ambacho wewe hujakiona. Dalili inaonyesha ugonjwa, dalali anaonyesha gari, na mara nyingine ni kitu kimoja. Tangazo langu aliliandika yeye, nalo nimelihifadhi kama mtu anavyohifadhi shairi: "IST namba D, injini haijafunguliwa, haichemshi, gari imetulia, haidai, kadi ipo, milioni 11 na nusu, maongezi yapo."

"Haidai" ni neno la mtu aliyewahi kuteswa. Gari kwetu ni mdai. Linadai bushi, linadai shokapu, linadai betri mwezi Januari wakati wa ada za shule. Lisilodai ni kama jamaa aliyerudi kijijini akiwa na nauli yake. "Imetulia" ni jamaa huyohuyo. Lakini pambo la tangazo zima ni lile la mwisho, maongezi yapo. Lingine husema "bei ya maelewano", ambalo ni rasmi zaidi na baridi zaidi. Maongezi yapo ni ahadi ya kiti na chai. Halisemi bei itashuka. Linasema tutaongea.

Hakusema, na sikuuliza, kiasi gani cha hiyo milioni 11 na nusu kilikuwa cha juu. Cha juu ni kile dalali anachokibandika juu ya bei ya mwenye mali, na katika soko lililochangamka hunenepa bila mtu kukiona, kwa sababu kila mtu anatarajia kushtuka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari langu lilitembezwa Sinza, Kimara na Tegeta kabla halijapata mtu. Sijui liwekwe upande gani wa methali.

Aliyelichukua ni dada mmoja muuguzi, aliyekuja na fundi wake. Fundi hakusalimia gari. Aliliwasha, akainamisha sikio kama mkunga, akavuta kijiti cha oili, akakinusa, akazunguka kwa kidole akigonga bodi kutafuta palipowahi kunyooshwa. Kisha akasema neno moja tu, "Linaishi," na dada akaniuliza mwisho wangu ni ngapi. Swali hilo, "mwisho wako?", likisikiwa na mgeni lingemtisha. Nikamtajia mwisho wangu. Akanitajia wa kwake. Tukakutana katikati, kwenye chuko.

Kwa wakili tulikuta fomu tayari: MKATABA WA MAUZIANO YA GARI. Nilimwuliza kwa nini mauziano, wakati anayeuza ni mimi peke yangu; kuuziana ni kwa watu wanaouza huku na huku. Alinitazama kwa uvumilivu wa mtu mwenye wateja watano nje. "Ndivyo inavyoandikwa, mzee." Chini yake palikuwa na mstari: Thamani ya mauziano, kwa tarakimu na kwa maneno. Nikamwambia, si thamani hiyo, ni bei.

"Ni kitu kimoja," akasema, akanipa kalamu.

Dada alikuwa ameshaweka noti mezani, mafungu mafungu, zimefungwa kwa mpira. Nikaandika milioni kumi na laki nane kwenye mstari wa thamani, nikampa funguo mbili, ule wa kawaida na ule wa akiba ambao sikuwahi kuutumia.