Kofia ya Rangi Mbili na Kulabu Iliyoifuma

Bila shaka, msomaji, umepata kuiona kofia moja inayopendwa sana na vijana. Ni kofia ya uzi, pana, isiyobana. Ukingo wake hushika paji la uso, lakini mwili wake hulegea na kuangukia kisogoni kama mfuko uliokwisha kupakuliwa nafaka. Aghalabu huwa ya rangi mbili, nyeusi na nyekundu, au kijivu na manjano. Wengine huivaa kwa sababu ya baridi ya asubuhi ya Limuru. Wengine huivaa adhuhuri ya Mombasa, ambako baridi haijapata kumtesa mtu. Hao nawaachia wenyewe sababu zao.

Sikusudii kukupa habari za mvaaji. Nataka kukupa habari za kifaa kidogo kilichoifuma kofia hiyo, nacho ni sindano fupi ambayo ncha yake imepindwa ikawa kulabu. Kazi ya sindano hiyo huitwa kroshia, na watu wengi wa Kenya husema krosheti. Ndiyo kazi inayofuma vile vitambaa vinavyotandazwa juu ya viti na meza nyumbani kwetu. Usiichanganye na kazi ya kofia za viua za Lamu, ambazo hudariziwa kwa sindano nyembamba juu ya nguo. Ile ni sanaa nyingine, na yataka insha yake peke yake. Kroshia haidarizi nguo. Huiumba nguo yenyewe kutoka katika uzi mtupu.

Kabla ya kulabu kuenea Ulaya, kofia za sufu zilifumwa kwa sindano ndefu zilizonyooka, kama wafumavyo sweta hata leo. Katika Uingereza ya karne ya 16 kazi hiyo ililisha watu wengi sana. Kisha mitindo ikageuka, watu wakapenda kofia za namna nyingine, na wafumaji wakalia. Mwaka 1571 Bunge likatunga sheria ya ajabu: kila mtu aliyepita umri wa miaka 6 avae siku za Jumapili na sikukuu kofia ya sufu iliyofumwa na kutengenezwa Uingereza. Waungwana na mabibi wa daraja walisamehewa. Asiyeitii alitozwa faini ya shilingi 3 na peni 4 kwa kila siku aliyokosa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1597, nami sistaajabu. Serikali yaweza kumwamuru mtu avae kofia, lakini haina njia ya kumwamuru aipende.

Pigo kubwa zaidi kwa wafumaji halikutoka kwa mitindo. Mwaka 1589 mtu mmoja aliyeitwa William Lee, wa Calverton katika jimbo la Nottinghamshire, alibuni mtambo wa kufuma soksi. Mtambo ulivuta vitanzi vingi kwa mara moja, ambapo mkono huvuta kimoja kimoja. Ulienea polepole kwa muda wa karne mbili, na mwaka 1811 wafumaji wa jimbo hilo hilo walishika nyundo wakavunja mitambo usiku, kwa kuwa ujira wao ulikuwa umeshuka na bidhaa hafifu zimejaa sokoni. Mwaka 1812 Bunge likaamuru kwamba mwenye kuvunja mtambo auawe. Tazama tofauti: mwaka 1571 sheria ilimlinda mfumaji, na mwaka 1812 ilimlinda mwenye mtambo.

Sasa tuirudie kulabu. Watu hupenda kusema kuwa kroshia ni kazi ya kale mno, lakini waliochunguza jambo hili hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa ilifumwa Ulaya kabla ya mwaka 1800 au karibu na hapo. Bibi mmoja wa Uskoti, Elizabeth Grant, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1812 juu ya ufumaji wa wachungaji wa kondoo, uliofanywa kwa kulabu. Mwaka 1823 gazeti moja la Uholanzi, Pénélopé, lilichapisha maelezo ya kufuma vifuko vya fedha kwa kroshia. Kwa hiyo kazi hii ni changa kuliko mtambo wa William Lee. Ilizaliwa wakati viwanda vilipokuwa vimekwisha kuanza kuwanyang'anya watu kazi za mikono, na miaka michache baadaye ikajaribiwa kwa jaribio ambalo hapana kazi ya mapambo iliyopata kujaribiwa nalo.

Jaribio hilo lilikuwa Ayalandi. Kisiwa hicho kiko magharibi ya Uingereza, na katika karne ya 19 kilitawaliwa kutoka London. Wakulima wengi hawakuwa na ardhi yao. Walikodi vipande vidogo vya makabaila. Nafaka na mifugo ikauzwa kulipia kodi, na viazi vikawa ndicho chakula. Mwishoni mwa 1845 ulizuka ugonjwa mgeni, majani ya viazi yakawa meusi, na viazi vikaoza ardhini. Mwaka 1846 karibu mavuno yote yakaharibika. (Ugonjwa huo huo huwasumbua wakulima wa viazi wa Nyandarua hata leo, ila wao wana dawa ya kunyunyizia.) Watu wapatao 1,000,000 walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao idadi hiyo wakahama. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilikuwa imeonyesha zaidi ya 8,000,000; ile ya mwaka 1851 ilionyesha karibu 6,500,000 tu. Na katika miaka hiyo nafaka na ng'ombe waliendelea kupakiwa merikebuni kwenda kuuzwa Uingereza.

Wanaume walipewa kazi za kuvunja mawe na kutengeneza barabara, nyingine zisizofika popote, kwa ujira usiotosha kununua unga. Wanawake na watoto wangefanya nini? Hapo ndipo kulabu ilipoingia. Katika mji wa Cork watawa wa kike wa Ursula walikuwa wakiwafundisha watoto kroshia. Mwaka 1847 Bibi Susanna Meredith alifungua shule ya kazi hiyo katika mji huo huo. Mwaka huo huo pia, kaskazini, katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa mahali hapo, alimleta mwalimu awafundishe wanawake wa parokia yake. Kutoka vituo hivyo ujuzi ulienea nyumba hadi nyumba.

Huenda ukauliza kwa nini ilichaguliwa kroshia, na si ufundi mwingine. Jibu liko katika umaskini wenyewe. Mtambo ulitaka mtaji, na lesi ya zamani ya Venisi, iliyoshonwa kwa sindano, ilitaka miaka ya kujifunza na miezi ya kushona. Kulabu ilitaka karibu bure. Asiyeweza kununua sindano alichukua waya mgumu, akauchomeka katika kipande cha mti, akaupinda na kuusugua ncha. Uzi wa pamba haukuwa ghali. Kazi iliweza kubebwa mfukoni, ikafanywa kando ya moto, ikaachwa mtoto alipolia na kushikwa tena alipolala. Na ikichafuka kwa moshi wa kibanda, iliweza kufuliwa ikawa nyeupe tena. Wanawake walifuma waridi, majani na matawi ya mizabibu, kila ua peke yake. Kisha wengine wakayaunganisha kwa wavu wa uzi mpaka ikatokea lesi iliyofanana na ile ya Venisi, kwa muda mfupi zaidi na kwa bei ambayo mabibi wa London na Paris waliimudu.

Yasimuliwa kuwa jamaa moja ilijulikana kwa waridi lake na nyingine kwa jani lake, na mgeni alipobisha hodi kazi ilifichwa upesi asije akaiba namna ya kufuma. Mimi siwacheki watu hao kwa uchoyo. Ua lile lilikuwa shamba lao, na shamba la zamani lilikuwa limekwisha kuoza. Fedha ya lesi ilinunua unga, ililipa kodi ili mlango usivunjwe na watu wa kabaila, na mara nyingi ilinunua nafasi katika merikebu ya kwenda Marekani.

Lakini ni lazima niseme na upande wa pili. Lesi iliyovaliwa katika karamu haikumtajirisha aliyeifuma. Kati ya kibanda cha Clones na duka la Paris walisimama mawakala na wafanyabiashara, na kila mmoja alichukua sehemu yake. Mtindo ulipopanda kazi ilitafutwa. Ulipoteremka, mfumaji hakuwa na la kufanya. Tena katika miaka ya 1880 viwanda vya Ulaya vilipata hila mpya: mtambo ulidarizi maua juu ya kitambaa, kisha kitambaa kikayeyushwa kwa dawa, yakabaki maua matupu. Kwa mbali yalifanana na kroshia, na bei yake ilikuwa ndogo.

Nasema yalifanana, kwa maana kroshia yenyewe mtambo haukuweza kuifanya. Katika ufumaji wa sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari hukaa wazi, vimejipanga kama askari, na chuma chaweza kupewa kulabu moja kwa kila kitanzi. Katika kroshia kitanzi kimoja tu ndicho kilicho wazi. Kulabu huingia katika nguo mahali ambapo jicho limechagua, huchota uzi, hufunga kitanzi, kisha husogea mahali pengine. Mahali hapo hubadilika kila mara, na nguo hulegea na kupinda mkononi. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa vyuo wameunda mitambo ya majaribio iwezayo kufuma mishono michache ya kroshia. Walakini viwanda bado havijaweza kuifuma kwa wingi. Kofia ya kroshia unayoiona sokoni imetoka katika vidole vya mtu.

Ule umbo wake mpana una historia yake. Katika Jamaika kofia za namna hii ziliandamana na Warastafari, watu ambao imani yao ilianza katika miaka ya 1930, baada ya Haile Selassie kutawazwa kuwa Mfalme wa Uhabeshi, yaani Ethiopia, tarehe 2 Novemba 1930. Wengi wao hawakati nywele wala kuzichana, na nywele ndefu zilizosokotana hazienei katika kofia ya kawaida. Ndipo ikafumwa kofia kubwa kama mfuko, kwa rangi nyekundu, manjano na kijani. Jina lake ni tam, nalo lilitoka kwa kofia pana ya Waskoti. Nyimbo za rege zilipovuka bahari, picha za waimbaji zilivuka pamoja nazo, na umbo la kofia likawafikia hata vijana ambao hawana unywele mmoja wa kuficha.

Mfumaji huianzia utosini. Hufunga kipete kidogo cha uzi na kufuma ndani yake vitanzi 6. Mzunguko wa pili huwa na 12, wa tatu 18, wa nne 24. Akiongeza 6 kila mara, duara hulala bapa kama sahani. Akipunguza nyongeza, hukunjamana likawa bakuli. Akizidisha, ukingo hupata mawimbi. Sasa ikumbuke hesabu ya duara uliyofundishwa. Ikiwa kichwa kina mzingo wa sentimita 56, gawanya kwa 3.14, utapata karibu sentimita 18. Kofia ya kubana huacha kuongezwa duara linapofika upana huo. Kofia ya kulegea huendelea mpaka sentimita 25 hivi, hufumwa mizunguko kadhaa bila nyongeza, kisha vitanzi viwili viwili huunganishwa kuwa kimoja mpaka ukingo urudi kukishika kichwa.

Na rangi ya pili? Haikatwi wala haiachwi ikining'inia. Uzi wake hulazwa juu ya mzunguko uliopita, na uzi wa rangi ya kwanza hufumwa ukiuzunguka, hata ukafichika ndani ya mishono kama maji katika mfereji uliofunikwa. Zamu yake ikifika, mfumaji huushika kabla hajafunga kitanzi cha mwisho cha rangi ya kwanza. Akichelewa kwa mvuto mmoja, doa la rangi isiyotakiwa huonekana, na hana budi kufumua.

Hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Hata hivyo nimesikia wanunuzi wakiishindania bei na kofia ya kiwandani, iliyofumwa kwa dakika chache, nao husema kwa uhodari kwamba zote ni uzi. Siku utakaposhika moja mkononi, igeuze ndani nje na kuivuta kidogo kwa vidole gumba viwili. Ya mtambo itakuonyesha vitanzi vilivyopandana kwa safu zilizonyooka, na nyuzi za rangi ya pili zikipita wazi mgongoni. Ya kulabu itafunuka kidogo kati ya mshono na mshono, na ndani ya ufa huo utaiona rangi ya pili ikipita, mahali ambapo mfumaji aliilaza.