Tabora, Mji Uliobebwa Mabegani

Tabora haina ziwa wala bandari, na hakuna mto mkubwa unaopita karibu yake. Kilichouzaa mji huu ni njia. Hapa Unyanyembe ndipo misafara iliyotoka Bagamoyo ilipotua baada ya kuvuka Ugogo, na ndipo ilipogawanyika: mingine ikashika njia ya magharibi kupitia Uvinza hadi Ujiji, mingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kabla ya kuendelea, watu walipumzika, wakanunua chakula, wakatafuta wapagazi wapya. Tabora tunayoijua leo, kuanzia Kwihara hadi stesheni, imetokana na mapumziko hayo.

Wengi huanza habari za mji huu kwa kuwataja Waarabu. Mimi naona haki ni kuanza na Wanyamwezi, maana wao walikuwa wakishuka pwani na pembe zao kabla wafanyabiashara wa pwani hawajazoea kupanda bara. Safari ilikuwa kazi ya kiangazi, shamba likishavunwa. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho. Kwenda pwani mzigo ulikuwa pembe. Kurudi ulikuwa merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Merikani hiyo ilifumwa Marekani, ikapakiwa merikebuni hadi Unguja, kisha ikapanda bara juu ya bega la kijana wa Unyamwezi. Mbele alitangulia kirangozi, na ngoma ikilia watu walijua leo ni mwendo. Msafiri Mwingereza Burton aliona hata watoto wa Unyamwezi wakizoezwa kubeba vipande vidogo vya pembe, ili bega lizoee mapema.

Katika miaka ya 1850 wafanyabiashara wenye asili ya Omani walikuwa wameshajenga Kaze na Kwihara, jirani na makao ya Mtemi Fundikira. Walikaa kwa idhini yake, na wengine wakawa wakwe zake: Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti Fundikira. Burton na mwenzake Speke walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 tangu waondoke Kaole, wakapokewa kwa ukarimu na Snay bin Amir. Walikuta matembe makubwa yenye kuta nene za udongo, paa la bapa, ua wa ndani na maghala. Katika ua huohuo pembe zilipimwa na watu wakauzwa. Hilo lisemwe wazi kila tunapousifu uzuri wa milango ya nakshi iliyoletwa kutoka pwani.

Ujirani ule haukudumu kwa amani. Mtemi Mnywa Sere, mrithi wa Fundikira, alipotaka kodi kwa bidhaa za wageni, walimwondoa mwaka 1860 wakamweka Mkasiwa. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo akaifunga njia ya Ujiji, akawashinda Waarabu waliokwenda kumpiga, mwandishi wa habari Stanley akiwa pamoja nao. Mwaka huohuo Stanley alikadiria kuwa Tabora ina watu wapatao 5,000.

Tembe la Kwihara linajulikana zaidi kwa jina la Livingstone. Yeye na Stanley walifika hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi, na Livingstone akabaki akingojea wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Nyumba ilijengwa upya baadaye, na leo ni makumbusho. Lakini kwangu mimi jambo kubwa zaidi kutokea Unyanyembe lilikuja mwaka uliofuata. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaufunga na kuuchukua. Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumtafuta mzee. Cameron aliona mzigo huo ni wa hatari mno kwa njia iliyobaki, akawashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Bwana wao alipaswa kurudi kwao, na wao ndio wangemfikisha. Wakaubeba tena hadi Bagamoyo, na Aprili 1874 mwili ukazikwa Westminster Abbey, London. Anayetembelea Kwihara kwa ajili ya Livingstone inafaa akumbuke pia kauli ile ya wapagazi, maana bila ya hiyo kaburi la mzee lingekuwa Tabora.

Wajerumani walipandisha bendera yao mwaka 1890, lakini kupandisha bendera hakukuwa kuitawala Unyanyembe. Mtemi Isike, mwana wa Mkasiwa, aliwapinga. Ngome yake ya kuta nene ilistahimili mashambulizi ya mwaka 1892. Januari 1893 Tom von Prince alirudi na askari wake, wakapenya. Isike alipoona yamefika mwisho, aliwasha baruti katika ghala lake badala ya kukubali kukamatwa. Ukitazama boma la Wajerumani lililobaki hadi leo mikononi mwa jeshi, jua lilijengwa na dola iliyolazimika kupigana mara kwa mara na mtemi mmoja kabla ya kulala usingizi.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1912. Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku chache, na kazi ya vizazi vya Wanyamwezi ikapotea. Moyo wa mji nao ukahama: kutoka Kwihara na Kaze ukaja kwenye stesheni, sokoni na mitaa inayozunguka hapo. Reli ya Kigoma ilikamilika mwaka 1914, ya Mwanza mwaka 1928, na Tabora ikarudia kazi yake ya zamani ya kugawa wasafiri.

Vita Kuu ilipopamba moto, serikali ya Wajerumani iliiacha Dar es Salaam ikahamia Tabora. Sarafu ziliadimika, basi karakana ya reli Lulanguru, mashariki ya mji, ikageuzwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ya Sekenke ilitengenezwa sarafu za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na herufi T ya Tabora. Zilitoka zipatazo 16,000 tu, na leo wakusanyaji wanazigombania kwa bei kubwa. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yaliuteka mji. Huko nako mizigo ya vita ilibebwa na mabega ya Waafrika, pande zote mbili.

Waingereza walijenga shule, kwanza kwa ajili ya watoto wa watemi. Julius Nyerere aliingia Tabora School mwaka 1937, na baada ya Makerere akarudi mjini kufundisha St. Mary's. Abdallah Fundikira, mjukuu wa ukoo uleule wa watemi, naye alipita Tabora School, akaja kuwa mmoja wa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua iwapo ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameukataa moyoni, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere aliwaomba waingie ili wauvunje kwa ndani, na hoja ikapita. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. TANU ikashinda, na hatua ile ikaitwa Uamuzi wa Busara.

Anayefika Tabora akiwa na siku moja aanzie Kwihara asubuhi, jua halijawa kali, arudi mjini kwa barabara ya miembe, apite boma kwa nje, amalizie stesheni. Akipata siku ya pili aende Itetemia, kwenye makao ya watemi, aulize habari za Isike kwa wenyewe.