Siri ya Mgonjwa

Siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii hunijia kila nikifikiria historia ya UKIMWI mkoani kwetu Kagera, kwa maana historia hiyo ni ya ugonjwa na pia ni ya maneno: nani alijua, nani alitangaza, na nani alistahili kuambiwa lakini akafichwa.

Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ya jina la kitabibu kuenea, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikivushwa kutoka Uganda. Huku Kahororo, kama kwingineko Uhayani, mtu akikonda tu hukumu ilitolewa kwenye kilabu cha rubisi kabla daktari hajatamka neno. Mama mmoja jirani yetu alisusiwa ndizi zake sokoni kwa sababu mumewe alikuwa amefariki. Yeye mwenyewe hakuwa amepimwa.

Lakini kimya nacho kiliua. Walikuwapo waume walioyajua majibu yao wakanyamaza, na wake wakaja kuelewa wakiwa wameshaanza kuugua. Hivyo basi siri ilivuja kwa wasiohusika, ikafungwa kwa waliohusika.

Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Sweden walipima damu za watu wazima mkoani. Mjini Bukoba, karibu watu 24 katika kila 100 walikutwa na virusi. Ilipofika mwaka 1996, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi kama 13. Tazama, msomaji: ukweli mchungu wa mji mzima ulitangazwa, wala jina la mtu hata mmoja halikutajwa. Taifa lilipata ilichohitaji, na mgonjwa akabaki na heshima yake.

Busara hiyo ndiyo iliyokuja kuandikwa katika Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Majibu ya kipimo ni siri ya aliyepimwa. Wengine wanaoweza kupewa ni wachache: mzazi au mlezi wa mtoto, mwenzi wa aliyepimwa, na mahakama inapobidi. Tena sheria inamtaka anayejua kuwa ameambukizwa amweleze mwenzi wake. Mwajiri hayumo, mwenyekiti wa mtaa hayumo, wala shangazi mwenye huruma nyingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti.

Hata hivyo, sheria haikai mdomoni mwa mhudumu anayeteremka kutoka zahanati jioni na kukutana na watu njiani. Hapo anabaki na dhamiri yake tu. Ajiulize: huyu anayeniuliza, akijua, atamuuguza mgonjwa au ataiokoa nafsi yake? Kama jibu ni hapana, basi amsalimie, aulize habari za mvua, aende zake nyumbani.